Siku Treni ya Ruiru Haikuja

Wazee wa Kiambu hawakuacha janga lipite bila jina. Njaa ya mwaka 1943 waliiita Ng'aragu ya Mianga, kwa sababu ya unga wa muhogo waliolazimika kuula. Mvua ya 1997 ililetewa jina kutoka mbali, El Niño, nasi tukalipokea. Lakini ile Jumatano ya Aprili 24, 2024 haina jina hadi leo. Ukimuuliza mtu wa Ruiru atasema tu "ile siku ya maji," kisha atakutajia saa. Kila mtu ana saa zake. Hizi ni zangu.

Saa tisa usiku. Sikuamshwa na mvua, maana tulikuwa tumelala nayo. Niliamshwa na mlinzi wa ploti akigonga milango ya chini kwa rungu. "Amkeni, mama! Amkeni, maji yako ndani!" Niliposhuka ngazi nilikuta ndara zinaelea koridoni, zimegeuka chali, zinagongana taratibu. Tukawabeba watoto wa majirani mmoja mmoja hadi ghorofani. Mmoja, wa miaka mitatu hivi, hakuamka kabisa. Mkononi alikuwa bado ameshika kikombe cha plastiki alicholala nacho.

Saa kumi na moja alfajiri nilivaa gamboti, nikatia viatu vya kazini kwenye mfuko wa nailoni, nikashika njia ya stesheni. Sasa nikisimulia haya watu hucheka: nyumba imejaa maji, wewe unakwenda kazini? Ndiyo. Vibarua wa Nairobi hukatwa mshahara kwa siku waliyokosa, na hakuna safu ya mvua kwenye daftari la mahudhurio.

Saa kumi na mbili. Jukwaani tulikuwa tumejaa kama kawaida, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa akiongea. Mama wa chai alikuwa ameinua jiko lake juu ya kreti mbili za soda. Taa zilikuwa zinawaka, na chini ya taa ungeona mvua inavyopiga reli na kuruka tena juu.

Stesheni hii haikujengwa kwa ajili yetu, na ukisimama pale kwa muda utaliona jambo hilo. Reli ilifika Thika mwaka 1913 ikipitia Ruiru, na kwenye makaratasi ya wakoloni haikuitwa reli bali tramu. Hazina ya London haikutaka kusikia habari ya kugharimia tawi jingine la reli, basi jina likapunguzwa ili mradi upite. (Ujanja huu wa kubadili jina la mradi hatujauacha.) Abiria waliokusudiwa walikuwa magunia ya kahawa na marobota ya mkonge. Kutoka Thika njia ikaendelea kupanda, ikafika Nanyuki mwaka 1930. Mashamba yakageuka ploti, ploti zikageuka ghorofa, na sensa ya 2019 ikahesabu watu 490,120 Ruiru, wengi kuliko Eldoret. Mnamo 2020 Serikali iliifufua njia ya Nanyuki na kuipa nguvu mpya huduma ya treni za abiria wa Nairobi. Hata hivyo njia yenyewe ni ileile: moja, ya upana wa mita moja.

Kando yangu alisimama mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye huja stesheni kila asubuhi bila safari, kama wengine wanavyokwenda kanisani. Alikuwa ameinamisha kichwa upande.

"Shikamoo, mzee. Unasikiliza nini?"

"Marahaba. Nasikiliza kalvati."

Akanipeleka hatua chache mpaka mwisho wa jukwaa. Chini ya tuta kuna mdomo wa kalvati. Siku zote maji hupita pale kwa mchirizi tu, na watoto huruka upande hadi upande. Asubuhi ile mdomo haukuonekana. Maji yalikuwa yamepanda juu yake, yanazunguka, na kila baada ya muda yalitoa sauti kama mtu anayemeza kwa shida. Kokoto zilizoshikilia mataruma zilikuwa zinaondoka, si kwa kishindo, moja moja, kama mtu anayedokoa njugu kwenye sahani ya mwenzake. Pembeni taruma moja lilikuwa limebaki wazi upande wa chini. Ungeweza kupitisha mkono.

"Hiyo reli ukiitazama kwa juu ni nzima," mzee akasema. "Lakini imelalia hewa, mwanangu. Zamani tungekuwa tumeshapita na nyundo tangu saa nane usiku."

Tena akanionyesha upande wa juu, kule maji yanakotoka. Walioweka kalvati walifuata mkondo uliokuwapo. Sisi tulikuja baadaye, tukaukuta umekauka, tukaugawa kwa futi hamsini kwa mia. Ploti yangu iko hapo katikati. Sikumwambia.

Saa moja ikatufikia habari kwamba safari za treni za abiria zimesimamishwa siku hiyo kwa sababu ya mvua. Wapo waliotukana. Kijana mmoja alisema reli inaogopa maji kama paka. Mimi nilikuwa nimeliona lile taruma, nilinyamaza.

Saa tatu tulikuwa kwenye barabara kuu ya Thika, na magari hayasogei. Nauli ilikuwa imepanda mara mbili, kisha ikakosa maana kwa kuwa hapakuwa na matatu ya kupanda. Nikarudi.

Saa sita mchana dada yangu alinipigia simu kutoka Thika. Sikumsikia vizuri kwa mngurumo. "Ni Chania hiyo," akapaza sauti, "si mvua!" Kati yake na mimi ni kama kilomita ishirini za reli, lakini maji yetu hayakutani. Ya Ruiru huingia Mto Athi, huenda kwa jina la Galana na kisha Sabaki mpaka baharini karibu na Malindi. Ya Chania hujiunga na Mto Thika, kisha Tana, yakatokea Kipini. Jumapili iliyofuata mashua ilizama katika Mto Tana karibu na Madogo. Usiku wa kuamkia Jumatatu maji yakaisomba Mai Mahiu. Masika yale yaliua karibu watu 300 nchini.

Jioni tulikuwa tunachota tope kwa sufuria.

Treni iliporudi nilipanda. Ilitoka Ruiru kwa mwendo wa mtu anayepita kwenye nyumba iliyolala. Tulipokaribia daraja la mto kabla ya Kahawa, behewa zima likainuka bila kuambiana, likajazana madirishani upande wa kushoto kutazama maji. Yalikuwa yameshuka. Kwenye matawi ya miti, juu kuliko kichwa cha mtu, yalining'inia matambara na karatasi za nailoni.

"Wengine rudini upande ule," kondakta akasema. "Mnatuinamishia behewa."