Mikono Inayohudumia: Hospitali Zetu Mbele ya Magonjwa ya Kuua



Katika kitabu cha yubile ni desturi kusimulia namna Injili ilivyofika, nani alijenga kanisa, na nani alifundisha katekisimu. Sisi watu wa Kisangani twakumbuka kwa shukrani kwamba Padri Gabriel Grison alifika hapa Stanley Falls mwaka 1897, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Lakini misioni katika nchi yetu haikuwa kanisa na shule tu. Kando yao ilisimama dispansere, na ndani yake Sista au muuguzi aliyepokea wagonjwa tangu alfajiri. Tumeona vema kuwawekea hao kurasa chache, na kuuliza swali moja: siku ugonjwa wa kuua ulipoingia mlangoni, walikuwa na nini mikononi mwao?

I. Yambuku, 1976

Mashua zinazopanda mto kutoka Kinshasa kuja kwetu hupita mbele ya Bumba. Kilomita karibu 100 kaskazini ya Bumba iko misioni ya Yambuku, ambapo Masista Wabelgiji walikuwa na hospitali ya vitanda 120. Daktari hakuwako, Masista na wauguzi ndio waliobeba kazi yote, na watu walitoka mbali kufuata matunzo yao.

Tarehe 26 Agosti 1976, mwalimu wa shule ya misioni alifika akiwa na homa. Walidhani ni malaria, wakampiga sindano ya klorokini. Alikufa tarehe 8 Septemba. Sista Beata, aliyekuwa mkunga, alikufa tarehe 19 mwezi huohuo. Kisha walifuata wengine: Masista, Mapadri, wauguzi, mama wajawazito, na watu waliokuja kulia matanga.

Wakati huo, karibu dawa zote zilitolewa kwa sindano. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano 5 kwa kazi ya siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja, sindano ilisukwa-sukwa katika bakuli la maji ya vuguvugu, ikachoma mwingine. Jioni pengine ilichemshwa. Wataalamu waliochunguza walikuta kwamba katika wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa ilijulikana, 85 waliupata kwa sindano ya hospitali. Katika hao hakupona hata mmoja. Kwa jumla watu 318 waliugua na 280 wakafa. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hospitali ilifungwa, na tangu hapo ugonjwa ukaanza kupungua.

Tuseme neno hili zito bila kumhukumu mtu: nyumba iliyojengwa kwa kuponya ndiyo iliyopeleka ugonjwa vijijini. Masista wa Yambuku hawakukosa upendo, wala ushujaa, wala sala. Walikosa sindano za kutosha na moto wa kuzichemsha kila mara. Hata Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa kutoka Kinshasa, alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, kisha akanawa kwa maji na sabuni. Ugonjwa ulipewa jina la mto Ebola, ili Yambuku isibaki na aibu milele. Zoni ya Bumba ilifungwa, na mashua hazikusimama tena bandarini pale.

II. Kikwit, 1995

Ilipita miaka 19. Mwezi wa nne 1995, fundi wa maabara alipasuliwa tumbo katika hospitali kuu ya Kikwit. Waliompasua na waliomtunza walianza kuugua mmoja baada ya mwingine. Sista Floralba Rondi, wa shirika la Masista wa Maskini wa Bergamo, aliyefanya kazi katika chumba cha upasuaji, alikufa tarehe 25 Aprili. Baada yake, mpaka tarehe 28 Mei, walikufa Masista wenzake watano: Clarangela, Danielangela, Dinarosa, Annelvira na Vitarosa. Kila mmoja alikuwa amemuuguza mwingine, au amewauguza wagonjwa wengine wa ugonjwa ule. Mwaka 2021 Papa Fransisko alikubali kwamba waliishi fadhila za Kikristu kwa namna ya kishujaa.

Kwa jumla waliugua watu 315, wakafa 254. Na karibu 80 kati ya wagonjwa walikuwa watumishi wa afya. Wengi wao waliambukizwa kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Katikati ya Mei glavu, vifuniko vya pua na mdomo, aproni na viatu vya mpira viliwasili, na wauguzi wakafundishwa kuvitumia. Tangu hapo maambukizo kati yao yalipungua upesi sana. Wauguzi wa Kikwit walikuwa na moyo uleule wa siku za kwanza. Kilichobadilika ni kile walichovaa, na namna walivyokivaa.

III. Katika mkoa wetu wa zamani

Mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya mbali. Kisangani ilikuwa mji mkuu wa Mkoa wa Mashariki mpaka ulipogawanywa mwaka 2015, na mkoa huo umeonja uchungu huu mara nyingi. Katika machimbo ya dhahabu ya Durba, karibu na Watsa, ugonjwa wa Marburg ulishika watu 154 kati ya mwaka 1998 na 2000, ukaua 128. Vita vilikuwa vimefunga njia. Mwaka 2012 Ebola ya namna ya Bundibugyo ilitokea Isiro, mji wa kaburi la Mwenyeheri Anuarite. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Likati, katika Bas-Uélé. Hapo ilikamatwa mapema, wakafa watu 4 tu. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Kivu na Ituri ziliona wagonjwa 3470 na vifo 2287. Wagonjwa 171 kati yao walikuwa watumishi wa afya.

Ni kweli, katika mlipuko huo wa mwisho chanjo ilikuwako, na zaidi ya watu 300 000 walichanjwa. Dawa pia ilipatikana, mojawapo ikitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit. Tumshukuru Mungu na wataalamu wetu. Hata hivyo chanjo ile hukinga Ebola ya namna moja tu, na ugonjwa hauji hodi ukitaja jina lake. Mwaka 2021, huko Banalia katika Tshopo yetu, homa ya uti wa mgongo iliua zaidi ya watu 200. Watu walikuwa wamekwisha kufa kwa majuma mengi kabla maabara ya Paris haijathibitisha jina la ugonjwa. Katika majuma kama hayo muuguzi hana chanjo wala dawa ya hakika. Ana maji, sabuni, glavu na akili yake.

IV. Vazi na mazoezi

Wengine hufikiri kwamba kujitayarisha ni kuwa na sanduku la mavazi ghalani. Vazi bila mazoezi ni hatari. Kuvaa ni rahisi. Kuvua ndiko kunakoua, kwa sababu nje ya vazi pamechafuka, na mkono uliochoka hutaka kupangusa jasho au kusugua jicho. Kwa hiyo mtumishi havui peke yake. Mwenzake husimama akimwangalia na kumtajia kila hatua, naye hunawa mikono kati ya hatua na hatua. Maji ya javeli ya mikono huwa mepesi, klorini asilimia 0,05. Ya vifaa na sakafu huwa makali mara kumi, asilimia 0,5. Katika joto letu mtu hawezi kudumu muda mrefu ndani ya vazi zima, basi lazima wauguzi wapokezane. Pia pawe na chumba cha pembeni, ili mwenye homa ya mashaka asikae benchi moja na mama wajawazito. Haya yote hufundishwa siku za amani. Siku ya ugonjwa nafasi hiyo haipo.

V. Jukumu letu

Tumesikia wengine wakisema kwamba mwenye imani hahitaji glavu. Bwana wetu mwenyewe, alipoambiwa na Shetani ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Na Msamaria mwema, tumtazame vizuri: alikuwa na mafuta na divai katika mzigo wake kabla hajamkuta yule aliyejeruhiwa njiani, na fedha mfukoni ya kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Huruma yake ilikuwa imefunga safari tayari.

Kanisa nalo lina hekima hiyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1000, yataka Padri ampake mgonjwa mafuta kwa mkono wake, lakini yamruhusu kutumia chombo ikiwa kuna sababu nzito. Sakramenti haipungui. Katika Kivu tuliona ndoo za maji ya klorini kwenye milango ya makanisa, na Wakristu wakinawa kabla ya Misa. Hawakupoteza imani yao. Vivyo hivyo, kumwachia mtu aliyefundishwa, mwenye vazi, maiti ya mpendwa wetu ili aizike kwa heshima si kumtupa marehemu. Ni kuwalinda waliobaki.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa shukrani, twawaomba wakubwa wa jumuiya katika komine zote, tangu Makiso mpaka Lubunga ng'ambo ya mto, watembelee kituo cha afya kilicho karibu nao na kuuliza: Maji yapo? Sabuni na javeli zipo? Glavu zatosha siku ngapi? Chumba cha pembeni kipo? Na sadaka yetu ijibu pale penye upungufu. Tunawasifu Masista wa Yambuku na wa Kikwit, na kuwaombea. Lakini tusijenge sifa yao juu ya umaskini ule uliowaua, wala tusimtake muuguzi kijana wa leo afe kama wao ili naye tumsifu. Heshima tunayowapa wao ni kumnunulia yeye glavu.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yote inayohudumia wagonjwa katika mji wetu, naye Mwenyeheri Anuarite atuombee. Amina.