Makali na Gharama: Pua ya Matabaka katika Visu vya Kukunja, kutoka Uvira ya 1858 hadi Mutarule ya Leo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwahusu wauza vyuma peke yao. Je, kisu cha kukunja ambacho bapa lake limeungwa kwa matabaka ya pua ngumu na chuma laini chastahili gharama inayozidi ile ya kisu cha pua moja? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tabaka lilizaliwa na uhaba. Lilikuwa jibu la wahunzi waliokuwa na chuma kingi laini na pua kidogo ngumu. Uhaba huo ulipokwisha, tabaka halikutoweka, bali sababu zake zilibadilika. Kwa hiyo haifai kuhukumu gharama yake ya leo kwa sifa zake za jana.

Mahali panapochukuliwa kuwa kipimo ni Mutarule, kijiji cha bonde la Ruzizi katika wilaya ya Uvira, jimbo la Kivu ya Kusini. Wenyeji wa bonde hilo hulima mihogo, mahindi na mpunga, na hufuga ng'ombe. Kisu kidogo humenya muhogo, hukata kamba, huchuna ngozi. Na kule Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, hupasua samaki. Yafaa pia ikumbukwe kwamba usiku wa 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule kwa risasi, kwa visu na kwa moto, baadhi yao wakiwa katika ibada. Mtu anayeandika juu ya makali katika mahali hapo hawezi kuyasifu kwa ajili yake yenyewe. Kisu kinachojadiliwa hapa ni zana ya kazi, na thamani yake inapimwa kwa kazi tu.

2.0 Ushahidi wa Maneno

Lugha imehifadhi historia ya jambo hili kwa namna yake. Neno chuma la Kiswahili lina shina moja na icyuma la Kinyarwanda. Katika Kinyarwanda neno hilo hilo hutaja madini na pia hutaja kisu. Hapana shaka kwamba kwa wasemaji wa awali kitu na malighafi yake havikuwa mbali.

Kiswahili, kwa upande wake, kilihitaji kutofautisha. Chuma ni jina la jumla. Pua ni chuma kigumu kinachoweza kushika makali. Feleji ni pua bora, na jina hilo lilitumika hasa katika kutaja upanga wa feleji, yaani upanga mrefu wenye makali kuwili. Lugha isingekuwa na maneno matatu kama wasemaji wake wasingekuwa na sababu ya kuuliza, kabla ya kulipa, ni chuma gani kinachouzwa.

Aidha, kisu kidogo huitwa kijembe, neno ambalo kwa umbo ni jembe dogo. Kijembe pia ni usemi wa mafumbo unaochoma. Hali kadhalika kitenzi pata, kikisemwa juu ya kisu, chamaanisha kukata: kisu hiki chapata, kile hakipati. Kipimo cha mwisho cha msemaji wa Kiswahili ni kupata kwa kisu, si jinsi kilivyoundwa.

3.0 Chuma cha Maziwa Makuu na Soko la Uvira

Ufuaji chuma katika eneo la Maziwa Makuu ni wa kale sana. Utafiti wa Marie-Claude Van Grunderbeek na wenzake, uliochapishwa mwaka 1983, uliorodhesha mabaki ya tanuri za zama za mwanzo za chuma katika Rwanda na Burundi, nchi zinazopakana na Kivu na bonde la Ruzizi. Katika jamii nyingi za eneo hili jembe la chuma halikuwa zana ya shamba peke yake. Lilikuwa pia mali ya mahari na kitu cha kubadilishana.

Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858. Burton aliieleza Uvira kuwa bohari kubwa ya kaskazini mwa ziwa. Miongoni mwa bidhaa alizozitaja, pamoja na watumwa, pembe za ndovu, nafaka na nguo za magome ya miti, vilikuwamo vitu vya chuma. Maelezo hayo mafupi yana uzito mkubwa. Yanaonyesha kwamba kabla ya bidhaa za viwanda vya Ulaya kuenea, pwani ya kaskazini ya ziwa ilikuwa mahali pa kukusanyia na kuuzia kazi ya wahunzi. Mitumbwi ilikuja kuchukua chuma Uvira; haikukileta tu.

Chuma hicho kilikuwa cha namna gani? Jibu la karibu zaidi linatoka Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya pamoja na wazee wa Kihaya, ambao walijenga upya tanuri kwa mtindo wa zamani. Tanuri hizo zilitoa pua yenye kaboni ya kiwango cha kati. Maelezo yao juu ya hewa kupashwa moto kabla ya kuingia tanurini yalipingwa baadaye na wataalamu wengine, lakini kupatikana kwa pua hakukukanushwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba bonge linalotoka katika tanuri la namna hiyo halilingani ndani yake. Sehemu moja huwa laini, nyingine huwa ngumu. Mhunzi hulipasua, hulichoma tena, hulifua na kuliunganisha. Kwa hiyo wazo la matabaka limo tayari katika malighafi. Anayefua bonge la chuma hukutana na laini na ngumu katika kipande kimoja, na hulazimika kuamua kipi kiende kwenye makali na kipi kiende mgongoni.

Pwani ya Bahari ya Hindi nayo ilikuwa na tatizo lilo hilo kwa sura ya biashara. Katika karne ya 12 al-Idrisi aliandika kwamba chuma cha Sofala kilisafirishwa mpaka India, ambako kilifuliwa panga bora. Mwaka 1994 Chapurukha Kusimba, David Killick na R. G. Cresswell walichapisha uchunguzi wa vyuma kutoka miji ya Waswahili ya pwani ya Kenya, wakavipambanua vya kienyeji na vya kuletwa. Huenda ndiyo sababu neno feleji lilistawi: mnunuzi wa pwani alikuwa na vyuma vya asili nyingi mbele yake.

4.0 Kwa Nini Matabaka

Tofauti ya chuma laini na pua inatokana hasa na kaboni. Chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.1 hupinda bila kuvunjika, lakini hakishiki makali. Chenye kaboni kati ya asilimia 0.5 na 1 hugeuka kigumu sana kinapochomwa kikawa chekundu na kuzamishwa ghafla katika maji au mafuta. Ugumu huo una dosari yake: pua iliyogandishwa hivyo huvunjika kama kigae, isipopashwa moto tena kwa kiasi ili ilainike kidogo.

Zamani, kutengeneza pua kulidai makaa mengi, muda mrefu na ustadi. Katika sehemu mbalimbali za dunia wahunzi walifikia jibu linalofanana: pua kidogo iwekwe pale tu inapohitajika, yaani penye makali, na sehemu nyingine yote iwe chuma laini. Wajapani waliweka pua katikati ya chuma laini. Watu wa Ulaya ya Kaskazini walifanya vivyo hivyo katika visu na mashoka. Faida zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubana matumizi ya pua. Ya pili ilikuwa kwamba mgongo laini uliyakinga makali magumu yasivunjike.

Faida ya kwanza ilififia kwa hatua. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengeneza saa wa Uingereza, aliyeyusha pua katika vyungu ili ilingane ndani yake. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza pua nyingi kwa kupuliza hewa katika chuma kilichoyeyuka. Tangu hapo pua ikazidi kuwa rahisi. Kuunga matabaka ndiko kulikogeuka kuwa kazi ya ghali. Kilichobuniwa ili kupunguza gharama kikawa chenye kuiongeza.

5.0 Kisu cha Kukunja Chafika Afrika

Ni katika zama hizo za pua rahisi kisu cha kukunja cha kiwandani kilipoenea Afrika. Mfano ulio dhahiri ni Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Mwaka 1988 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mwaka 1901. Mto Ruzizi wenyewe ulikuwa mpaka: ng'ambo ya mashariki ilikuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na ng'ambo ya magharibi, ilipo Mutarule, ilikuwa Dola Huru ya Kongo, ambayo mwaka 1908 iligeuka kuwa Kongo ya Kibelgiji.

Okapi ni kisu cha pua moja ya kaboni, chenye mpini wa mbao na pete ya kufungulia. Hakina tabaka. Mtengenezaji wake hakukosa ujuzi. Sababu ni kwamba mwaka 1902 pua haikuwa tena kitu cha kubania.

6.0 Gharama na Faida

Leo visu vya kukunja vya matabaka vinatengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wenye fedha. Kampuni ya Fällkniven ya Sweden, kwa mfano, hutumia pua ngumu sana katikati na pua laini isiyoshika kutu ubavuni. Visu vya namna hiyo kwa kawaida huuzwa zaidi ya dola 100, ilhali Okapi hupatikana chini ya dola 10. Mnunuzi hulipia nini hasa?

Kwanza, hulipia uimara. Hoja hii ni ya kweli kwa upanga, shoka au kisu kirefu, ambavyo hupigwa na kupindwa. Bapa la kisu cha kukunja, hata hivyo, ni fupi. Mara nyingi halizidi sentimita 10. Tena hushikiliwa na bawaba moja. Kisu hicho kikitumiwa kwa nguvu nyingi, bawaba au kufuli lake hulegea kabla bapa halijafikia kikomo chake. Kwa hiyo uimara wa matabaka hununuliwa, lakini hautumiki.

Pili, hulipia kinga ya kutu. Hapa pana faida iliyo dhahiri. Pua ya kaboni ikizungukwa na pua yenye kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi, ubavu hausumbuliwi na kutu. Lakini makali yenyewe hubaki wazi, na hayo ndiyo yanayokata. Kwa mvuvi wa bahari ya chumvi jambo hili ni zito. Kwa mkazi wa ziwa la maji baridi, kitambaa kikavu na mafuta kidogo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Tatu, hulipia ugumu wa makali. Pua ngumu sana hukaa muda mrefu bila kuwa butu. Lakini ikishakuwa butu, hudai kinoo kizuri. Baadhi ya wasifu wa matabaka hudai kwamba ubavu laini hurahisisha kunoa. Dai hilo ni kweli pale bapa zima linapopunguzwa unene. Katika kunoa kwa kila siku kinoo hugusa pua ya katikati peke yake. Mkulima anayenoa kwa jiwe la mtoni ataona pua ya kaboni ya kawaida kuwa rafiki zaidi: huwa butu mapema, lakini hupata tena kwa dakika chache.

Yapo basi mambo mawili yanayohalalisha gharama ya ziada: kazi ya kudumu penye chumvi na unyevu, na ufundi unaohitaji makali membamba ya siku nyingi. Nje ya hayo, fedha inayozidi ingefaa zaidi kwenda kwenye pua moja iliyogandishwa na kulainishwa vizuri. Kisu cha tabaka kilichochomwa vibaya hakifikii kisu cha pua moja kilichochomwa vizuri.

Upande wa mhunzi hesabu ni nyingine. Mafundi wengi wa Afrika ya Mashariki na Kati hufua springi za magari yaliyochakaa, ambazo huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6. Mhunzi mwenye kipande kidogo cha springi na nondo nyingi laini yuko katika hali ile ile ya mababu zake. Kwake kutia pua penye makali tu bado ni kubana matumizi, na mteja hana sababu ya kulipa zaidi kwa ajili yake. Kwa mhunzi huyo tabaka bado linafanya kazi iliyolizaa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba thamani ya tabaka haimo katika chuma peke yake, bali katika kile kilicho adimu mahali kinapotumika. Palipokuwa na uhaba wa pua, tabaka lilikuwa akiba. Mutarule leo kilicho adimu ni fedha ya mkulima, na pua ya kawaida si adimu tena. Kumwambia alipie tabaka katika kisu kifupi cha kukunja ni kumuuzia dawa ya maradhi yaliyokwisha kupona.

Kuna jambo kubwa zaidi. Uvira iliyouza vitu vya chuma mwaka 1858 ilikuwa na watu waliojua kutofautisha laini na ngumu kwa macho, kwa mlio wa nyundo na kwa rangi ya moto. Ujuzi huo unapopungua, mnunuzi hubaki kutegemea jina lililopigwa chapa ubavuni mwa bapa. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuchangia kwa kukusanya msamiati wa wahunzi wa bonde la Ruzizi na pwani ya ziwa: majina ya vyuma, ya tanuri, ya rangi za moto na ya namna za kugandisha. Mnunuzi mwenye maneno ya kuulizia pua hadanganywi kwa urahisi. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Hawakutaja tabaka wala bei.