Njia za Miguu za Katavi

Nchi iliyo baina ya Mpanda na Ziwa Rukwa, ambamo mto Katuma hupita ukitia maji katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, aghalabu husifiwa kuwa ni pori ambalo binadamu hakulitia mkono. Sifa hiyo huwapendeza wageni, lakini historia haikubaliani nayo. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo waliishi huko, na nchi yao ilikuwa na njia. Njia ya miguu hutokana na nyayo za watu waendao na kurudi. Ikiachwa misimu michache ya mvua, humezwa na majani. Basi atakaye kujua nchi hii ilihamwa vipi, na aulize njia zake zilikufa vipi.

Nyingi zilikuwa njia za haja ndogo ndogo: kisimani, shambani, kwa wakwe, na mwituni kwenye mizinga ya nyuki, kwa kuwa Wakonongo ni warina asali mashuhuri. Chumvi ya Uvinza nayo ilikuwa na njia zake. Juu ya mtandao huo ndipo ilipopita misafara mikubwa. Mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia ya moja kwa moja kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji, na Stanley akalazimika kuondoka Kwihara tarehe 20 Septemba akizunguka upande wa kusini, kupitia Ukonongo. Vitabu humtaja yeye kana kwamba ndiye aliyeigundua njia hiyo. Lakini mzungu huyo alikuwa akitembea katika vijia vya watu, nyuma ya kirangozi, kutoka kijiji hadi kijiji, akinunua chakula kilicholimwa na wenyeji. Palipokosekana kijiji ndipo njaa ilipouma msafara, kama ilivyowapata yeye na Livingstone walipokuwa wakirudi Unyanyembe mwanzoni mwa mwaka 1872.

Livingstone aliondoka tena Unyanyembe mwezi wa Agosti mwaka huo, akashika njia ya kusini kuelekea Ufipa. Hakurudi akiwa hai. Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao waliibeba maiti yake, wakapita Ufipa, wakafika Unyanyembe mwezi wa Oktoba, kisha wakaendelea hadi pwani. Katika safari zote za zama hizo, hii ndiyo inayostahili kukumbukwa zaidi, nayo iliongozwa na Waafrika wenyewe.

Kilichoziua njia hizo hakikuwa vita peke yake. Palipopungua watu, mashamba yaligeuka vichaka, na vichakani mbung'o wakaongezeka pamoja na ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu katika makazi makubwa ili kuwaepusha na ugonjwa huo. Wengi waliokolewa, jambo hilo halikanushiki. Lakini kijiji kilipohamishwa, mbung'o waliendelea kuishika nchi iliyobaki tupu, na mtu aliyekwenda mzingani alitembea siku nyingi zaidi, au aliacha kwenda.

Kisha reli ilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya madini ya risasi. Uchimbaji mkubwa ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki na abiria wake. Vijiji vya miaka ya 1970 vikawavuta watu kandokando ya barabara. Mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa, nayo ilipopanuliwa katika miaka ya 1990 ilifikia kilomita za mraba 4,471. Ndani ya mipaka hiyo kijia cha mrina asali kikawa kosa la jinai.

Leo mgeni huweza kutembea kwa miguu hifadhini akilipa ada na kufuatana na askari mwenye bunduki, na vijia wanavyofuata aghalabu ni vya viboko na ndovu. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao wenyeji huheshimu kuwa ni makao ya mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale ambaye jina lake limepewa ziwa, hifadhi, na tangu mwaka 2012 mkoa mzima. Watu bado hufika hapo na sadaka zao.