Nani Alimfundisha Mhadhiri?

Kabla ya kuwa chuo kikuu, Kenyatta University ilikuwa kambi ya jeshi. Waingereza waliiita Templer Barracks. Sisi tunaoishi Gatongora tunapita pale karibu kila siku tukielekea mjini, makanga akipiga kelele "KU, KU, wa kushuka!", na ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1965 serikali ya Uingereza iliikabidhi Kenya kambi hiyo na nyumba za askari zikageuzwa kuwa Kenyatta College. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya chuo hicho kiwe chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1972 wakaingia wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya ualimu. Mwaka 1978 kitivo chote cha elimu kikahamishwa kutoka Nairobi kuja huku Kahawa, na mwaka 1985 chuo kikasimama chenyewe kama chuo kikuu kamili.

Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne, walimu wengi waliowafundisha Wakenya sekondari wametoka hapa kwa jirani. Na mwalimu wa sekondari hapati kazi hivi hivi. Lazima asomee ualimu, aende mazoezi ya kufundisha, na siku moja mhadhiri atoke chuoni, aketi kwenye dawati la nyuma na karatasi mkononi, aangalie anavyoandika ubaoni, anavyouliza maswali, kama anamwona yule kijana aliyelala pale kona. Baadaye asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu. Bila hayo, hafundishi sekondari.

Sasa muulize huyo mhadhiri aliyekaa dawati la nyuma: wewe nani alikukagua? Kama ni wa kitivo cha elimu, huenda naye alipitia njia hiyo hiyo. Lakini wa fizikia, wa biashara, wa historia kama mimi? Tuliletwa mbele ya darasa kwa sababu tulifanya utafiti. Mimi nafundisha kwa mkataba wa muhula katika chuo kimoja kando ya Barabara ya Thika (sikitaji, maana pesa za muhula uliopita bado nazisubiri). Siku ya kwanza nilipewa ratiba, jina la kozi na funguo za chumba chenye projekta. Basi. Hakuna aliyeniuliza kama najua kufundisha, na hadi leo hakuna aliyekuja kuangalia.

Kwa hiyo mhadhiri hufundisha jinsi alivyofundishwa: anasimama, anasoma, wanaandika. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri kama mhadhara lina mzizi wa Kilatini wa kusoma. Katika vyuo vya Ulaya ya kale kitabu kilikuwa ghali, kimeandikwa kwa mkono, basi mwalimu alisoma kwa sauti na wanafunzi wakanakili. Ilikuwa teknolojia ya uhaba. Vitabu vikaja kuchapishwa, mashine za fotokopi zikaja, simu zikaja, na bado kuna darasa hapa Ruiru asubuhi hii ambapo mtu mzima anasoma slaidi ambazo wanafunzi walitumiwa jana kwenye WhatsApp.

Ila historia yetu ina wakati ambapo wahadhiri wenyewe, bila kutumwa na mtu, walikaa chini wakajiuliza wanafanya nini. Oktoba 1968, katika chuo cha Nairobi, wahadhiri watatu, Henry Owuor Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye bado akiitwa James Ngugi, waliandika waraka kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Tunaukumbuka waraka ule kama vita vya vitabu, Shakespeare atoke Achebe aingie. Mimi nadhani kilichokuwa na uzito zaidi ni fasihi simulizi. Walitaka iwe katikati ya masomo. Na ukishaiweka katikati, mtindo wa kufundisha lazima ubadilike, utake usitake, kwa sababu maktaba haina kila kitu tena. Nyanya ya mwanafunzi anacho. Mwanafunzi anatumwa nyumbani kukusanya ngano, nyimbo na vitendawili, anarudi darasani akijua jambo ambalo mhadhiri hajui. Miaka mitatu kabla ya hapo, kule Makerere, David Cook na wanafunzi wake walikuwa wameanza kuzunguka na michezo ya kuigiza, Uganda hadi Kenya, wakiicheza mbele ya watu ambao hawajawahi kuona lango la chuo.

Hata Kahawa moto ule ulifika. Katika Kenyatta University College mwanahistoria Maina wa Kinyatti alikuwa akikusanya nyimbo za Mau Mau, na mwaka 1980 zikatoka kama kitabu. Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake *Kilio cha Haki* ilitoka mwaka 1981, alifundisha hapo hapo. Edward Oyugi, mtaalamu wa saikolojia ya elimu, pia. Mwaka 1982 wote watatu walikamatwa. Mazrui na Oyugi wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kinyatti akashtakiwa kwa kupatikana na maandishi ya uchochezi, akafungwa miaka sita. Agosti mwaka huo likaja jaribio la mapinduzi, na chuo cha Nairobi kikafungwa kwa muda mrefu.

Hili halitajwi kwenye semina za mbinu za kufundisha, na mimi naona ndilo kiini. Mhadhiri akiuliza swali lisilo na jibu kwenye noti, mwanafunzi atajibu, na jibu lake litasikika. Katika miaka ile ungejua masikio yapo darasani, ila hujui ni ya nani. Imla, kwa upande wake, haina hatari. Noti za manjano zilizosomwa mwaka hadi mwaka zilikuwa uvivu, sawa, lakini pia zilikuwa kinga.

Halafu ukaja umati. Kufungwa kwa chuo kuliacha mlundikano wa wanafunzi, na mwaka 1987 vyuo vikapokea makundi mawili kwa mpigo. Mwaka 1990 ikawa hivyo tena: watahiniwa wa mwisho wa A-level na wale wa kwanza wa 8-4-4 wakakutana mlangoni. Ukizungumza na waliosoma enzi hizo watakusimulia kuhusu kusikiliza mhadhara kupitia dirishani. Mfumo mpya ulikuwa umeahidi stadi za mikono na vitendo, wanafunzi wakafika chuoni wakakuta imla, tena safari hii bila kiti. Mwaka 1998 chuo cha Nairobi kikafungua mlango wa wanaojilipia, ile tunayoita Module II, vyuo vingine vikafuata, na madarasa ya jioni yakahitaji watu wa kuyafundisha. Hapo ndipo sisi wa mkataba tulipozaliwa.

Kulikuwa na jaribio la kurukia teknolojia. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, na Kenyatta University ikawa mojawapo ya vituo vya mwanzo. Masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka Washington hadi Kahawa. Wanafunzi walitazama profesa wa ng'ambo kwenye skrini, na msimamizi wa hapa nyumbani akawa nao chumbani. Fikiria: mhadhara ule ule wa kusomewa, ila sasa msomaji yuko bara lingine. Machi 2020 corona ilipofunga vyuo, tulirudia kitu hicho hicho kwa bando letu wenyewe, kamera za wanafunzi zikiwa zimezimwa.

Na mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotaka kuinua kiwango, iliwapa wahadhiri miaka mitano wawe na PhD. Sipingi. Lakini PhD inakufundisha kukaa peke yako na swali moja kwa miaka mingi, na darasa la watu 300 saa moja asubuhi ni kazi tofauti kabisa.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Kati ya 2018 na 2021 mradi ulioitwa TESCEA ulifanya kazi na vyuo vya Mzumbe na Dodoma kule Tanzania, Gulu na Uganda Martyrs kule Uganda. AFELT, chama cha wahadhiri chenye makao hapa Kenya, kilikuwa mshirika. Wahadhiri waliketi pamoja wakazisuka upya kozi zao, wakianzia mwisho: mhitimu wa kozi hii anapaswa kuweza kufanya nini? Kisha ndiyo wanachagua mazoezi, na mada huja mwisho. Kinachonivutia ni kwamba mhadhiri alionyesha kozi yake kwa mhadhiri mwenzake. Kwetu huwa tunaficha noti kama mapishi ya familia.

Kwa nini niandike haya sasa? Kwa sababu watoto wa kwanza wa CBC waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wanatarajiwa vyuoni 2029. Wamekulia kwenye miradi, wengine wamefuga sungura kwa ajili ya alama, wazazi wamekesha wakitafuta katoni. Watakutana na sisi. Tulishawahi kufika hapa, mwaka 1990.

Muhula huu nimeiba wazo la 1968. Darasa langu nimeligawa vikundi, kila kikundi kilete historia ya ploti moja kati ya hapa na Ruiru: kabla ya nyumba za kupanga palikuwa na nini, nani alilima, nani aliuza. Gatongora ilikuwa mashamba ya kahawa, na wachumaji wa zamani bado wapo, wengine wana vibanda vya mboga. Komredi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii itakuja kwenye mtihani?" Nikamwambia hii ndiyo mtihani. Mwingine alimhoji jirani yake aliyechuma kahawa akiwa msichana, akarudi na rekodi ndefu kuhusu debe: jinsi nyapara alivyolitikisa ili lionekane halijajaa. Tulibishana saa nzima kama hiyo ni historia ya uchumi au ya wizi.

Nimeandikia ofisi ya ratiba kuomba chumba chenye viti vinavyosogezwa. Wamesema wataangalia.