Ushoroba wa kijani

Wataalamu wa mipango miji wanaotaka kuliunganisha upya jiji la pwani na vilima, mito na mikoko yake wana istilahi ambayo kwa Kiswahili huitwa mara nyingi "ukanda wa kijani". Mimi nashika "ushoroba wa kijani", na sababu yangu iko Dar es Salaam.

Ukanda ni umbo tu, kipande kirefu cha ardhi, na chaweza kutenga vilevile kama kinavyounganisha. Viwanja vya Mnazi Mmoja vilianza hivyo: enzi za ukoloni viliachwa wazi ili Kariakoo ya Waafrika itengwe na Uhindini. Majani yalikuwapo, ila kazi yake ilikuwa ya ukuta.

Ushoroba ni mapito. Nyumbani ni ile njia nyembamba ya kuendea vyumbani. Wahifadhi wakaliazima neno kwa ajili ya wanyamapori, kama ushoroba wa Kwakuchinja kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Uzibe katikati, na ushoroba umekufa hata kama majani yamebaki pande zote mbili. Neno hili linambana mpangaji aseme nini kinapita, kinatoka wapi na kinafikia wapi.

Bonde la Msimbazi lina majibu. Maji hushuka kutoka vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, yakaingia baharini penye mikoko ya Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali mno na riziki zao za Kariakoo. Tulikuwa tumejenga ushorobani.

Mradi wa sasa wa bonde hilo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, unakusudia kuupa mto nafasi, kujenga daraja jipya la Jangwani na kuacha bustani ya umma. Nautakia heri kwa moyo wote. Lakini bustani itakayoishia Jangwani itakuwa ukanda tu. Mtu aweze kutoka hapo kwa miguu, kivulini, hadi kwenye mikoko. Na msitu wa Pugu usikatwe, maana mchanga unaojaza mto mjini hutoka juu.

Wingi wa neno ni shoroba. Mito ya Sinza na Ubungo, inayomimina maji yake Msimbazi, nayo inasubiri za kwake.