Viongozi wa kujitolea wa Parkinson's UK

Ni watu wanaoendesha bila mshahara vikundi vya mitaa vya shirika la hisani la Parkinson's UK, nchini Uingereza. Shirika lilianzishwa mwaka 1969 na Mali Jenkins, ambaye dada yake alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Jina la sasa lilianza kutumika 2010. Miongoni mwa viongozi hao wamo wagonjwa wenyewe, pia wake, waume na watoto wanaowauguza.

Kikundi huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, lakini vyeo hivyo havionyeshi uzito wa kazi. Ugonjwa wa Parkinson hupunguza kemikali ya dopamini kwenye ubongo: mikono hutetemeka, hatua hufupika, sauti hufifia. Kwa hiyo kiongozi mwema hajazi kikombe cha chai hadi ukingoni, na mwenye sauti ndogo humsubiri amalize sentensi yake, hata chumba kizima kikiwa kimya. Huo ndio ufundi wao mkubwa.

Shirika pia huzitaka hospitali ziwape wagonjwa dawa kwa saa yake, kwani dozi ya dawa kama levodopa ikichelewa, mtu aweza kushindwa kutembea, kusema, hata kumeza.