Mtazamo binafsi katika historia ya usanifu

Mtazamo binafsi katika historia ya usanifu ni jinsi malezi, lugha, jinsia, kazi na kumbukumbu za mtafiti zinavyoathiri utafiti wake kuhusu vitu vilivyobuniwa na watu, kama vile vyombo, mavazi, samani, majengo na reli. Usichanganywe na ubinafsi, yaani choyo: mtafiti asiye na choyo hata kidogo bado hutazama mambo akiwa amesimama mahali fulani.

Athari hiyo huanza mapema, pale mtafiti anapoamua ni kitu gani kiitwe usanifu na kipi kiachwe nje.

== Chanzo cha mjadala ==
Mwaka 1936 Nikolaus Pevsner alichapisha kitabu kilichoeleza usanifu wa kisasa kama kazi ya mabingwa wachache, kuanzia William Morris hadi Walter Gropius. Kitabu hicho kiliongoza fani kwa miaka mingi. Mwaka 1986 Cheryl Buckley, mwanahistoria wa Uingereza, alionyesha kwamba uteuzi wa aina hiyo uliwaacha nje wanawake na kazi zinazofanyika nyumbani. Baadaye aliandika kuhusu ushonaji wa nguo nyumbani akianzia katika familia yake mwenyewe. Kwake, ukaribu na jambo ulikuwa njia ya kuona ambacho nyaraka za viwanda hazikuandika.

== Mbeta na vyungu ==
Mkoa wa Njombe una mfano ulio wazi. Wakati wa mvua, wakulima hukata ncha za machipukizi ya mianzi na kukinga utomvu wake, ambao huchachuka na kuwa pombe iitwayo ulanzi. Chombo cha kukingia ni mbeta, kipande cha mwanzi chenye fundo kama kitako. Mbeta haina jina la msanifu wala tarehe, na ikichakaa hutupwa. Mtafiti aliyezoea makumbusho anaweza kuipita bila kuitazama mara ya pili. Aliyekulia Njombe anajua mwanzi wa kufaa huchaguliwaje, lakini naye ana udhaifu wake: haulizi yale anayodhani kila mtu anayajua.

Kwa upande mwingine, vyungu vya Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa hufinyangwa na wanawake na husafirishwa kwa mitumbwi hadi masokoni. Hivi vimevutia wageni tangu zamani. Daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn, ambaye kitabu chake kuhusu nchi za Nyasa na Ruvuma kilitoka mwaka 1906, aliwaeleza watu na vitu vyao kwa jicho la mtu aliyekuja pamoja na jeshi la kikoloni. Maelezo yake bado yana faida kubwa, ila msomaji hana budi kukumbuka nani alikuwa akiuliza, na nani alilazimika kujibu.

Hata lebo hubeba mtazamo. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na Mkoa wa Iringa, hivyo anayetafuta jina "Njombe" peke yake katika kumbukumbu za zamani atakosa mengi.

== Reli ya Makambako ==
Mji wa Makambako una kituo cha TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Sehemu kati ya Mlimba na Makambako, ambapo reli hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, ilikuwa ngumu kuliko zote kwa wingi wa mahandaki na madaraja. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia, wakati Reli ya Kati ya Tanzania ina milimita 1,000.

Mwanadiplomasia huusoma upana huo kama ushahidi wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mhandisi huona mzigo unaolazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Mfanyabiashara wa Makambako hujali zaidi kama treni inasimama na ana nafasi ya kupakia viazi. Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo, alitumia masimulizi ya wafanyakazi na wakazi wa kandokando ya njia, na reli ikaonekana tofauti na ile ya hotuba za viongozi.

== Namna ya kushughulikia ==
Wanahistoria wengi leo hawadai kuwa wanaweza kujitoa kabisa katika utafiti wao. Hueleza wazi wao ni nani, walizungumza na nani na kwa lugha gani, kisha hulinganisha masimulizi na nyaraka na vitu vyenyewe. Lugha si jambo dogo: anayefika kijijini na kuamkia "kamwene" mara nyingi husimuliwa mambo ambayo hayafiki kwenye dodoso la Kiswahili, lakini pia huweza kufichwa siri za majirani kwa sababu anahesabiwa kuwa mwenyeji.

Kitabu cha James Giblin pamoja na Blandina Kaduma Giblin kuhusu Njombe (2005), ingawa si cha usanifu, kinaonyesha njia hiyo: historia ya karne ya 20 imejengwa juu ya masimulizi ya familia. Mtafiti wa mbeta au wa nguo za harusi za Njombe anaweza kuanzia hapo hapo, kwa kumwuliza bibi yake, mradi aandike kwamba ni bibi yake.